Mwandishi Huyu Hajaoa

"Hebu sikilizeni hii," alisema Mama Fyeka, akasukuma sahani pembeni na kuvuta mswada uliokuwa chini ya kiwiko chake. "'Mke wake alimwogesha kama mtu anayeosha gari la jirani: haraka haraka, na bila kuangalia ndani.'"

Akaangua kicheko. "Jamani! Gari la jirani! Mke gani huyo?"

Jina la Mama Fyeka hakupewa na wazazi wake. Alipewa na waandishi ambao hadithi zao alikuwa amezikata kichwa na mkia. Yeye mwenyewe alilijua jina hilo na hakuona sababu ya kulikataa. Alikuwa mhariri wa kurasa za hadithi fupi katika jarida linalotoka kila mwezi, na kila jioni alirudi nyumbani na kikapu kilichobeba nyanya upande mmoja na miswada upande wa pili. Wakati wa kula aliwasomea mumewe na binti yao mistari iliyomshinda kumeza. Ndiyo iliyokuwa redio ya nyumba ile. Walishamcheka mwanajeshi aliyefufuka mara mbili, na bibi harusi aliyetokwa na machozi "ya saizi ya embe". Wote watatu walikuwa wamezoea kucheka, na tangu mume aanguke kazini, nyumba haikuwa na kicheko kingine cha kujivunia.

"Mwandishi huyu hajaoa," alihukumu Mama Fyeka. "Hajui mke ni mnyama gani."

"Hajaoa kabisa," alidakia mumewe, ambaye watu wote, pamoja na mkewe, walimwita Fundi. Alicheka mpaka akajishika nyonga iliyovunjika. "Huyo bado anafuliwa nguo na mama yake."

"Tena anaonekana ni kijana mwenye chunusi."

"Chunusi tupu!"

Binti yao hakucheka. Alikuwa kitinda mimba, dada zake walishaolewa, na kwa hiyo kila mtu alimwita Kitinda. Alichukua sahani ya baba yake kabla baba hajamaliza, akainuka.

"We, mwachie baba yako chakula chake," alisema Mama Fyeka.

"Nimeshiba," alisema Fundi, bado anatabasamu. Akajifuta mdomo. "Kwa hiyo huyo kijana wako umemjibu nini?"

"Nimemkataa. Karatasi yake ya maoni nimeiacha ofisini, inangoja kwenda posta."

"Umemkataa vizuri au vibaya?"

"Kukataa kuna uzuri? Nimemwambia ukweli wake, basi."

"Vyema," alisema Fundi. "Mtu aambiwe ukweli wake." Akayavuta magongo yake yaliyoegemea ukutani, akajinyanyua kwa shida, akasema nyonga inamvuta na anataka kujinyoosha kitandani. Mama Fyeka alimwona anapita mlangoni, bega moja juu, bega moja chini, akajiambia kwamba mtu huyu leo amecheka kuliko siku zote tangu aanguke. Akafurahi.

Furaha yenyewe haikufika jikoni.

Kitinda alikuwa anaosha vyombo kwa kelele kama anayegombana navyo. Mama yake akachukua kitambaa na kuanza kufuta.

"Ukivunja sahani utanunua wewe."

"Mama, zile hadithi huwa unajua zimetoka kwa nani?"

"Sijui na sitaki kujua. Karani anachana ukurasa wenye jina, anaandika namba. Mimi napewa namba. Awe mtoto wa waziri, awe muuza mkaa, kwangu ni namba. Ndiyo haki hiyo."

"Hii ya leo niliichapa mimi."

Mama Fyeka aligeuka. Kwanza alihisi kitu kama fahari, halafu kitu kama hasira. "Umeanza kuandika hadithi, na huniambii?"

"Si yangu. Ni ya baba."

"Baba yupi?"

"Kwani ninao wangapi?"

Sahani iliyokuwa mkononi mwa Mama Fyeka ilikuwa imekauka zamani. Aliendelea kuifuta.

"Ukienda kazini," alisema Kitinda, macho yake kwenye povu, "mimi nikirudi chuo mchana, ananisomea, mimi nachapa kwenye simu. Wiki nyingi, mama. Sentensi moja anaibadilisha mpaka naomba udhuru niende msalani. Nikamwambia, baba, mpe mama asome. Akasema hapana, akijua ni mimi atanihurumia, nataka anisome kama anavyowasoma watu. Akatumia jina la bandia na sanduku la posta la chuo chetu."

"Lakini mtu wa kwenye hadithi ni seremala. Na mkewe ni muuguzi."

"Nani aliyesema ukitaka kuandika ya nyumbani kwako, badilisha kazi za watu ili wasikujue? Si wewe? Ulipokuwa unajiandaa kwenda kuwafundisha wale waandishi pale ukumbi wa maktaba, ulikuwa unasema kwa sauti chumbani, ukitembea huku na huku. Baba alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta. Alisikia yote. Anayajua kwa moyo. Anza pale jambo linapobana. Msiniletee babu alizaliwa wapi. Tatizo moja linatosha, mengine wapeni majirani. Watu waseme kama watu. Usihubiri. Aliyafuata yote, mama. Yote."

Mama Fyeka alitaka kusema kwamba kufuata kanuni hakutoshi. Ni jambo alilowaambia waandishi kila siku. Mara hii halikutoka.

"Mbona amecheka?" aliuliza badala yake.

Kitinda alifunga bomba. "Ulitaka alie?"

*

Asubuhi, kama kila asubuhi, alimwogesha. Bafu lilikuwa dogo. Fundi alikaa kwenye kiti cha plastiki, mguu mbovu umenyooshwa hadi mlangoni, na mkewe alisimama kati ya ukuta na ndoo. Kwa kawaida kazi yote ilikwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Kichwa, mgongo, kwapa, miguu, simama, taulo, haya vaa. Alikuwa na basi la kuwahi.

Siku hiyo alijaribu kwenda polepole. Alipaka sabuni kwenye dodoki, akalizungusha mgongoni mwa mumewe taratibu, akaona kovu dogo chini ya bega ambalo hakujua kama ni la zamani au la ajali.

"Hapa paliumia lini?"

"Wapi?"

"Hapa, chini ya bega."

"Hapo? Nimezaliwa napo." Fundi aligeuza shingo. "Kuna nini leo? Maji yanapoa."

"Hakuna kitu."

"Maana unaniosha kama maiti. Kama nimekufa niambieni mapema, nisije nikapiga kelele kaburini."

Alikuwa anatania, lakini hakumtazama. Mama Fyeka akaongeza mwendo. Alipokuwa anamvalisha shati alisema, kwa sauti ambayo hata yeye aliiona ina asali nyingi mno, "Nimekuwekea hela ya kinyozi pale juu ya redio. Na ukitaka gazeti, chukua na la gazeti."

"Kinyozi nilikuomba juzi ukasema ngoja mwisho wa mwezi."

"Basi leo nimekupa."

"Naona." Fundi alifunga vifungo mwenyewe, cha juu hadi cha chini, bila haraka. Kuomba hela ya kunyolewa ndevu kulimchoma kuliko nyonga, mkewe alilijua hilo. Sasa akajua pia kwamba kupewa bila kuomba kunaweza kuchoma vilevile.

Simu ya Mama Fyeka ikalia. Alikuwa mkandarasi, yule aliyekuwa amemwajiri Fundi kabla hajaanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao akiwa anapaka rangi ubavu wa ghorofa. Mtu mwema kwa kadiri yake. Alilipa wiki za mwanzo za hospitali, na aliahidi kumwekea Fundi nafasi ya kusimamia wapaka rangi kwenye jengo jipya la shule, ghorofa nne.

"Shikamoo, shemeji wa kazi," alitania mkandarasi, kama kawaida yake. "Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri sana. Mguu unakaza. Bado kidogo tu atasimama."

"Namngoja huyo. Kazi ya rangi inaanza mwezi ujao. Nikipewa mtu mwingine sina raha, lakini na mimi naulizwa huko juu."

"Mngoje, bwana. Atakuja kwa miguu yake."

Alipokata simu Fundi alikuwa ameshafika sebuleni na kukaa kwenye kochi lililokuwa ofisi yake, chumba chake cha kulia na, kumbe, karakana yake ya hadithi.

"Anasema anakungoja," alisema Mama Fyeka.

"Nimesikia ulivyomjibu," alisema Fundi.

*

Ofisini karani alikuwa ameshafika, kama siku zote. Alikuwa mzee mwembamba aliyepokea bahasha, akachana kurasa za majina, akaandika namba kwa wino wa bluu, na kufunga kila kitu kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulining'inia shingoni mwake kama kengele ya mbuzi. Kazi hiyo aliifanya kwa heshima ya mtu anayelinda sanduku la kura.

"Zile za kwenda posta ziko wapi?" aliuliza Mama Fyeka kabla ya salamu.

"Na wewe habari za asubuhi. Ziko kwenye trei, naziba saa hizi."

"Nipe karatasi ya maoni ya ile hadithi ya seremala."

Karani alimtazama juu ya miwani. "Umesahau kitu?"

"Nipe tu, mzee."

Alikaa mezani pake, akatoa mswada kikapuni, akauweka upande mmoja na karatasi ya maoni upande mwingine. Akasoma hadithi upya. Ilikuwa inasimulia seremala aliyeangukiwa na mbao akawa hawezi kutembea, na mkewe anayemhudumia bila kuongea naye. Mwanzoni sentensi zilikuwa na miguu ya kuazima, zinatembea kama mtu aliyevaa suti ya harusi ya mwenzake. Katikati zikavua suti. Kulikuwa na mahali seremala anamsikia mkewe akiwaambia majirani "tunaendelea vizuri", anabaki anajiuliza hao wanaoendelea ni akina nani. Kulikuwa na ule mstari wa gari la jirani. Jana aliusoma kwa sauti akacheka. Leo aliusoma kwa macho, na uso ukamwaka moto mpaka masikioni.

Ulikuwa mstari mzuri. Hilo ndilo lililomuuma. Kama angekuwa mke wa mtu mwingine, angeuwekea alama.

Alichukua karatasi mpya ya maoni. Akaandika: *Tumeipenda hadithi yako.* Akaitazama sentensi hiyo. Ilimkumbusha zile barua wanazoandika watu wanaotaka kukupokonya kiwanja. Akaikunja karatasi, akaitupa. Akachukua nyingine, akaandika: *Mke ni mhusika hai, anaaminika kabisa.* Akaikunja na hiyo.

Karani alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha chai.

"Tangu tufahamiane," alisema, "sijakuona ukiandika maoni mara mbili."

"Ni ya mtu wa nyumbani kwangu."

Mzee aliweka kikombe chini kwa uangalifu. "Ulijua?"

"Nimejua jana, baada ya kuwasomea mezani tukaicheka. Yeye mwenyewe akiwepo. Akacheka kutupita sote."

Karani hakusema pole. Alifikiri kidogo, kama mtu anayepanga bahasha kwa ukubwa. "Basi huwezi kuikubali. Kanuni ya ndugu uliiandika wewe."

"Najua."

"Na kuikataa pia huna haki tena. Kinyozi hajinyoi. Nitampa mhariri wa makala aisome, naye ataamua."

"Yule anapenda kila kitu kinachotaja wagonjwa."

"Basi nitampa wa michezo, hapendi kitu chochote." Karani alinyoosha mkono. "Nipe mswada. Na karatasi yako ya maoni tuichane, iwe kama hukusoma."

Mama Fyeka alimpa mswada. Karatasi ya maoni, ile ya kwanza, aliishikilia. Aliipitia kwa jicho la haraka. Ilikuwa na maneno makali matatu manne, hakuna hata moja aliloliandika kwa sababu ya mtu. Hakuwa anamjua mtu. Alikuwa anasema na hadithi. Ndivyo mumewe alivyoomba asomwe, na katika nyumba nzima ile, mambo aliyokuwa anaomba mtu yule siku hizi yalikuwa machache mno: maji, hela ya kinyozi, na hili.

"Hii sichani," alisema. "Ya mwenyewe."

"Utaituma?"

"Nitaipeleka kwa mkono."

"Mh," alisema karani. "Posta ina faida yake. Mpeleka barua hasimami kungoja isomwe."

*

Aliomba ruhusa akarudi nyumbani mchana. Alimkuta Fundi kwenye kochi, ndevu zimenyolewa, anamenya viazi ndani ya beseni lililokaa mapajani mwake. Kitinda alikuwa chuoni. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi walikuwa wawili peke yao mchana, na hawakujua waanzie wapi, kama watu waliokutana stendi.

"Umefukuzwa kazi?" aliuliza Fundi.

"Bado." Alivua viatu, akakaa kwenye kigoda ili macho yao yalingane. Alikuwa amejiandaa njia nzima, na alikuwa mtu wa kusema. "Fundi, najua ni wewe uliyeandika hadithi ya seremala."

Kisu kilisimama. Kisha kikaendelea na kiazi. "Kitinda ana mdomo kama gunia lililotoboka."

"Jana sikujua."

"Ningekuwa na wasiwasi kama ungejua."

"Nisamehe kwa kicheko."

"Kicheko hakina neno. Kwani mwanajeshi aliyefufuka mara mbili, mwandishi wake hakuwepo? Alikuwepo mahali fulani, na mkewe, na watoto. Nilimcheka mpaka nikapaliwa. Jana ilikuwa zamu yangu." Alitupa kiazi kwenye maji. "Uliloniumiza ni kusema sijaoa."

Mama Fyeka aliokota ganda la kiazi lililoanguka sakafuni.

"Miaka yote hii," alisema Fundi. "Sijaoa."

"Mke uliyemwandika..."

"Mke niliyemwandika anaosha kama wewe, anatembea kama wewe, hata akikasirika anapanga vikombe kama wewe. Nikasema ukimwona tu utamjua. Ndiyo maana nilikuwa naogopa. Kumbe hukumjua."

Nje mtu alikuwa anapigapiga godoro. Mama Fyeka alikuwa na majibu mengi: kwamba anaamka kabla ya watu wote, kwamba basi halimngoji mtu, kwamba mshahara ni mmoja na midomo mitatu, kwamba mikono inayoosha haraka ndiyo hiyo hiyo iliyomnyanyua sakafuni. Yote yalikuwa kweli. Hakuna lililokuwa jibu.

"Sikumjua," alisema mwishowe. "Sijajitazama muda mrefu."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hakumsamehe wala hakumkaripia. Alilipokea tu, kama fundi anayepokea kipimo.

"Hadithi yako atasoma mtu mwingine," alisema Mama Fyeka. "Mimi siruhusiwi tena. Sijui watasema nini. Lakini maoni yangu niliyoandika kabla sijajua ninayo. Ukitaka nitayachana. Ukitaka utayasoma. Sijabadilisha hata nukta."

"Ni makali?"

"Ni makali."

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali, akanyoosha mkono. "Lete."

Alisoma polepole, midomo ikichezacheza. Pale penye sentensi za mwanzo alikunja uso. Pale penye mke alisema "haya" kwa sauti ndogo. Kisha akafika chini, akasimama. Mama Fyeka aliona kidole gumba chake kimekandamiza karatasi mpaka kucha imekuwa nyeupe.

"Hapa chini," alisema Fundi. "Hebu nisomee wewe. Sijaielewa vizuri."

Alikuwa ameielewa. Mama Fyeka alichukua karatasi na kusoma maneno yake mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kiofisi.

"'Mwisho ni wa uongo. Tangu ukurasa wa pili seremala anajua kwamba mguu wake haurudi. Anampa mwanafunzi wake randa yake nzuri. Anaulizia bei ya kiti cha magurudumu halafu anasema alikuwa anatania. Mkewe akisema ukipona, yeye hubadilisha mazungumzo. Halafu ukurasa wa mwisho anainuka na kutembea hadi mlangoni, mke analia kwa furaha. Mwandishi anajua ukweli na ameogopa kuusema. Seremala huyu hatasimama. Amwambie mkewe, na hadithi iishie hapo.'"

Alipoinua macho, Fundi alikuwa anamtazama kama mtu aliyefumaniwa.

"Umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Kwamba mguu haupandi tena. Nani amekwambia? Daktari amekupigia?"

Karatasi ilikuwa bado mkononi mwa Mama Fyeka, na maneno yaliyokuwa ya seremala yalikuwa yanahama, moja baada ya jingine, kama watu wanaoshuka kwenye gari na kuingia nyumbani kwako na mizigo yao. Alikumbuka kwamba siku nyingi hajaziona zile brashi za manyoya laini za mumewe, alizokuwa akizikataza zisiguswe na mtu. Alikuwa amefikiri Kitinda kazifungia stoo.

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Nimesoma tu. Ulipewa habari lini?"

"Kliniki ya mwisho ile. Niliyosindikizwa na mwenzangu wa kazini, wewe ulikuwa na toleo la kumaliza. Yeye alikuwa nje anatafuta teksi. Daktari kijana, mpole. Akasema nyonga imeunga ilivyotaka yenyewe. Kutembea nitatembea, na magongo, siku zote. Kupanda ngazi, kusimama mchana kutwa, basi." Alisema yote hayo akitazama beseni. "Brashi nilimpa yeye siku hiyo hiyo, kwenye teksi. Nikamwambia nakuazima."

"Na ukanyamaza."

"Nilirudi nikakukuta mlangoni unamwambia jirani, bado kidogo tu atasimama. Ulikuwa na uso... nikasema leo nimwache. Kesho yake ukamwambia mkandarasi. Kila siku ulikuwa unamwambia mtu. Nikaona nikisema sasa, nitakuwa nimekufanya mwongo mbele ya mtaa mzima."

"Kwa hiyo ukamsimamisha seremala."

"Nilidhani ndiyo mnayopenda. Mwisho mwema." Alicheka kidogo, kicheko kisicho cha jana. "Na nilitaka nione inakuwaje. Nilipomwambia Kitinda achape pale anaposimama, nilijisikia vizuri siku nzima."

Hapo ndipo Mama Fyeka alipoinama, akaweka paji la uso kwenye goti zima la mumewe. Hakulia kwa sauti. Hakuwa na mazoea. Mabega yalitikisika mara chache, kisha yakatulia. Mkono wa Fundi, wenye harufu ya viazi vibichi, ukamkaa kichwani. Walikaa hivyo mpaka yule wa godoro akamaliza kazi yake.

Alipoinua uso, alikuwa amekwisha kurudi kuwa yeye. Alijifuta kwa kiganja. "Kazi ya rangi inaanza mwezi ujao," alisema. "Mkandarasi anakungoja."

"Najua."

"Nitampigia nimwambie." Alikuwa ameshachukua simu.

"Hapana." Fundi alinyoosha mkono, ule ule wa kupokelea karatasi. "Kila kitu changu unakisema wewe. Hili niachie."

Mama Fyeka alisita. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye jina. Akabonyeza, akaweka spika, akampa.

"Shemeji wa kazi!" ilisema simu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za nyundo. "Umeshaniletea habari njema?"

"Ni mimi, bosi. Fundi."

"Ala! Mwenyewe! Sauti imejaa kabisa, umepona wewe!"

"Sijapona. Nimekupigia kukwambia ile nafasi mpe mtu mwingine. Mimi sirudi."

"Usiseme hivyo, fundi wangu. Usikate tamaa. Mkeo kaniambia asubuhi..."

"Mke wangu hakuwa anajua. Nilikuwa sijamwambia. Daktari alishasema, bosi. Mguu hautapanda tena."

"Madaktari wanasema mengi. Mungu ni mkubwa."

"Mungu ni mkubwa," alisema Fundi, "na mguu ndio huu."

Nyundo ziliendelea kugonga huko zilikokuwa. Mkandarasi alikohoa, akaanza sentensi, akaiacha, akaanza nyingine. Mama Fyeka alikuwa anamtazama mumewe usoni. Jasho lilikuwa limetoka juu ya mdomo ulionyolewa, na alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.

"Sasa, fundi," ilisema simu kwa sauti iliyoshuka, "utafanya nini?"

"Sijui, bosi," alisema Fundi. "Ndiyo kwanza nimelisema."